Pampu ya ngama inagoma? Kabla hujaenda Kariakoo kununua nyingine pitia hapa

Wakuu, hii ni kwa wenye boti za faiba, mashua za mbao zenye mashine, mpaka wale wa viboti vya kupeleka watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo wikiendi. Pampu ya kutoa maji kwenye ngama (pale chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika) ikisumbua, wengi wetu tunafanya kitu kile kile, inang'olewa, inatupwa, kijana anatumwa Kariakoo alete mpya, mpya inafungwa pale pale kwa waya ule ule na hosi ile ile, afu baada ya muda nayo tunaambiwa imekufa. Haijafa. Mara nyingi pampu yenyewe ni nzima kabisa, ugonjwa uko kwenye umeme unaoifikia au kwenye njia ya maji kutoka nje ya boti.

Kwa hiyo kipimo cha pampu yenyewe ni ndoo. Chomoa pampu, itumbukize kwenye ndoo ya maji, waya zake mbili gusisha moja kwa moja kwenye betri iliyojaa. Ikirusha maji kwa nguvu basi acha kuitukana, rudi kwenye boti utafute nani anaiangusha. Ikikaa kimya kwenye ndoo, au inanuka kuungua, hapo sawa, nenda kanunue.

Na kabla hujagusa waya wowote onja maji. Sicheki. Kama hayana mafuta juu chovya kidole uonje, yakiwa hayana chumvi ni ya mvua, tatizo lako ni turubai na wala sio pampu, mwezi wa nne hapa Dar boti wazi ya mita 6 kwa 2 ikipigwa mvua ya milimita 50 imeshapokea kama lita 600, hakuna tundu wala nini. Yakiwa ya chumvi basi bahari inaingia mahali. Kausha ngama na tambara, tandika vipande vya karatasi ya chooni pale unapohisi: inapotokea shafti, kwenye kizibo cha nyuma, kwenye boliti zinazoshika mashine, kwenye maungio ya mbao. Kitakacholowa kwanza ndo kimekupa jibu. Mashua ya mbao iliyokaa juu mchangani muda mrefu mbao zinakauka zinaachana, ukiishusha itavuja mwanzoni mpaka mbao zivimbe, hiyo usihangaike nayo sana, ila kama siku zinapita na bado inavuja basi kalafati (pamba inayoziba maungio ya mbao) imetoka, tafuta fundi.

Haya tuingie kwenye dalili.

PAMPU KIMYA, HAITOI HATA SAUTI

Anza na fyuzi. Ikiwa imekata usikimbilie kuweka kubwa zaidi, na ile tabia ya kufunga kipande cha waya badala ya fyuzi ndo inayochoma boti za watu. Saizi ya fyuzi imeandikwa kwenye pampu yenyewe au kwenye boksi lake, fuata hiyo. Fyuzi inakata kwa sababu, na sababu inayoongoza ni impela (kile kipanga cha ndani kinachosukuma maji) kukwama, kamba ya nyavu imejizungusha au mfupa wa samaki umejibana, mota inataka kuzunguka haiwezi, inavuta umeme mwingi. Hapo fyuzi sahihi inakata na mota inapona, fyuzi kubwa inavumilia na mota inaungua.

Fyuzi nzima? Chukua mita, weka DC volti 20, pima kwenye waya za pampu huku swichi ikiwa imewashwa. Hakuna kitu, rudi nyuma hatua moja moja, kwenye swichi, kwenye floti (ile swichi inayoelea, maji yakipanda inawasha pampu), kwenye fyuzi, mpaka utakapokuta umeme upo upande mmoja na upande wa pili haupo. Kwenye boti zetu utaukuta umeishia kwenye maungio, karibu kila mara, yale yaliyosokotwa kwa mkono yakafungwa solotepu nyeusi yakaachwa yanaogelea ndani ya ngama. Chumvi inaingia, shaba inageuka kijani, na ile kijani inapanda ndani ya ganda la waya sehemu ndefu tu huioni kwa nje. Usikwangue juu juu. Kata waya urudi nyuma mpaka ukute shaba inayong'aa, na ikibidi badilisha waya mzima, afu maungio mapya yapandishe juu, mahali ambapo maji hayatafika hata ngama ikijaa. Banisha kwa terminali za kubana na ufunike kwa ule mpira unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani. Gharama yake ni ndogo.

Halafu waya wenyewe. Waya wa nyumba wa 1.5 (milimita za mraba) unatumika sana kwa sababu upo kila duka, lakini fanya hesabu: betri iko nyuma, pampu iko mita 6, umeme unakwenda na kurudi kwa hiyo ni mita 12, pampu inavuta ampea 4, waya wa 1.5 unakula karibu volti 0.6 njiani. Wa 2.5 unakula kama 0.36, hiyo ni asilimia 3 ya volti 12, na ndo mwisho unaokubalika kwa kitu muhimu kama hiki. Chukua waya laini wa nyuzi nyingi, na ukipata ule wa boti ambao nyuzi zake zimepakwa bati, wenye rangi ya fedha, lipa hela yake bila kubishana, kwa sababu waya mgumu wa nyumba ukitikiswa na mawimbi unavunjika ndani kwa ndani na utautafuta mpaka uchoke.

INANGURUMA ILA MAJI HAYATOKI, AU YANATOKA YA KUSINZIA

Hii ndo kubwa na ndo inayotupisha pampu nyingi nzima.

Angalia chini kwanza. Bonyeza vile vishikio vya pembeni, mwili wa pampu unaachana na kitako chenye chujio, geuza utazame. Boti za uvuvi zinazoshusha mzigo pale soko la samaki Feri utakuta magamba ya samaki yamejipanga kwenye chujio kama vigae, zingine ni mifuko ya plastiki, vizibo, nyuzi za kamba, mchanga kwa zile zinazolala kavu Kunduchi maji yakipwa. Safisha, zungusha impela kwa kidole, ikizunguka bila kukwama rudisha.

Imesafishwa na bado? Angalia kama waya zimegeuzwa. Pampu hizi za kuzamishwa ukibadilisha positivu na negativu hazigomi, zinazunguka kinyume, sauti utaisikia ile ile, na maji yatatoka kidogo kidogo kinyonge. Mtu anaweza kukaa nayo hivyo mwaka mzima akisema pampu za siku hizi feki. Usiamini rangi ya waya alioongezea fundi katikati, fuata rangi zinazotoka kwenye pampu na karatasi yake.

Kisha volti, na hapa pima pampu ikiwa inafanya kazi, sio imezimwa, maana ikiwa imezimwa hata waya mbovu utakuonyesha 12 na kitu. Betri inasoma 12.5, kwenye pampu unasoma 10.8, basi kuna mahali umeme unaliwa, na ni maungio au waya mwembamba, hakuna mchawi mwingine. Ile namba ya galoni kwenye boksi ilipimwa na volti kama 13.6, hosi fupi, maji hayapandi kokote. Wewe unampa volti 10 na apandishe maji mita moja na nusu.

Sasa hosi, na hapa naomba tukae kidogo. Pampu ya umeme ya aina hii haina nguvu ya kubana, inasukuma maji kwa kuyazungusha tu, kwa hiyo kila kitu kinachozuia kinaisumbua: hosi ile ya mikunjo mikunjo ambayo ndani iko kama ngazi, kona kali, hosi iliyopunguzwa kutoka milimita 28 kwenda 19 kwa sababu ndo iliyokuwepo dukani, urefu usio na sababu. Weka hosi laini ndani, ya saizi ile ile ya mdomo wa pampu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na ipande tu muda wote kuelekea nje, isishuke afu ikapanda tena. Ikishuka pale kwenye bonde maji yanabaki, pampu inashika hewa, hewa haiwezi kuyasukuma yale maji yaliyokaa juu yake, impela inazunguka kwenye povu. Utaijua hii kwa sababu ukichomoa hosi kwenye pampu hewa inatoka na maji yanaanza kuruka vizuri, ukirudisha hosi inafanya kazi siku hiyo na kesho inagoma tena.

Na kuna mafundi wanapenda kuweka valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye hosi ya pampu ya umeme. Mi siipendi kabisa. Inazuia mtiririko, inashika takataka, na maji yanayobaki juu yake yanaigandamiza ifunge, chini kumebaki hewa, pampu haina ubavu wa kuifungua. Yaani umeweka kitu cha kusaidia kikaizima pampu siku unayoihitaji.

Ukimaliza pima. Ndoo ya lita 20 kwenye mdomo wa nje, simu mkononi uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40 unapata lita 30 kwa dakika. Pampu ya galoni 1100 kwa saa kwa makaratasi ni kama lita 69 kwa dakika, ukipata nusu ya hapo kwenye boti yako hali ni ya kawaida, ukipata robo bado kuna kitu hujakiona.

INAWAKA, INAZIMA, INAWAKA, INAZIMA

Pampu ikizima yale maji yaliyojaa kwenye hosi yanarudi chini, floti inanyanyuka, inawaka tena, inayatoa, yanarudi. Hosi ikiwa ndefu na nene na ngama ikiwa nyembamba mchezo huu hauishi mpaka betri iishe. Hapa ndo watu wanakimbilia ile valvu niliyoisema. Badala yake fupisha hosi, na pandisha floti kidogo, iwe juu kuliko pampu, ili maji yanayorudi yasitoshe kuinyanyua.

Ila kuna pampu ambazo hazina floti ya nje, zinajiwasha zenyewe kila baada ya dakika mbili tatu kuonja kama kuna maji, hizo zikikohoa kidogo na kunyamaza usizifungue, ndo zilivyotengenezwa.

BETRI INAKUTWA CHALI ASUBUHI

Watu wanasema mvua ya usiku imeimaliza betri. Hesabu inakataa. Zile lita 600 za mvua kubwa, pampu ikitoa lita 30 kwa dakika ni dakika 20, kwa ampea 3 hata kwenye betri ya N70 (kama ampea-saa 70) hutaona tofauti. Kinachomaliza betri ni floti iliyokwama juu, pampu inazunguka kavu usiku na mchana, ampea 3 kwa saa 24 ni 72, na N70 nzima imekwenda, hata ingekuwa mpya.

Floti inakwama na uchafu chini yake, na oili nzito iliyoganda kwenye bawaba, au waya umekaa vibaya unaivuta, au imefungwa mahali inagusa taruma (mbavu ya boti). Inyanyue kwa mkono, pampu iwake, iachie ianguke yenyewe bila kusaidiwa, pampu izime. Fanya hivyo kila ukiingia kwenye boti, ni sekunde chache. Na wakati wa kuifunga bawaba iangalie omo (mbele), mkono unaoelea uelekee tezi (nyuma), kwa sababu boti ikiondoka kwa nguvu maji yote yanakimbilia nyuma na yakiikuta imekaa kinyume yanaing'oa.

Kinyume chake pia kipo, betri nzima, floti nzima, boti imezama kwenye maegesho. Hapo angalia fundi aliunga wapi. Floti ikipita kwenye swichi kuu, ukizima swichi kuu jioni ukaenda nyumbani umeizima na pampu. Waya wa floti utoke betri moja kwa moja, fyuzi iwe karibu na betri isizidi shubiri, kutoka hapo uende floti na pampu. Njia ya pili ya swichi ya mkono iende kwenye pampu hiyo hiyo, ili floti ikifa uweze kuwasha mwenyewe. Na floti ikate positivu. Ikikata negativu pampu inabaki na moto muda wote ndani ya maji ya chumvi hata ikiwa imezima, na umeme ukivuja hapo vyuma vyako vya chini vinaliwa haraka kuliko unavyodhani. Kingine, ukinusa petroli kwenye ngama usiwashe swichi yoyote, fungua, pepea, toa maji hayo kwa ndoo na sponji uyaweke kwenye dumu, usiyamwage baharini.

PAMPU INAZUNGUKA KAVU, MAJI YAMEJAA MBELE

Haraka haraka: vitundu vya kwenye mataruma vimeziba. Pitisha waya mgumu kila kimoja. Au boti inalala imeinamia upande ambao pampu haipo, hamisha betri au matangi.

INATOA MAJI LAKINI MAJI YANAZIDI

Hapa kuna mambo mawili. La kwanza, zima pampu uangalie kama maji yanaingia kwa hosi ile ile inayotoa. Tundu la ubavuni lilitobolewa boti ikiwa tupu, sasa umepakia watu na kreti za soda za kwenda kisiwani, tundu limezama, pampu ikizima bahari inarudi ndani kwa njia yako mwenyewe. Tundu liwe juu ya maji hata boti ikiwa na mzigo wake wote na imelala upande, na kama haiwezekani pandisha hosi juu kabisa ipige kona karibu na sitaha, pale juu weka kile kifaa cha kuingiza hewa ili maji yasijivute kurudi.

La pili ni kwamba tundu ni kubwa kuliko pampu. Tundu la milimita 25 tu, sentimita 30 chini ya maji, linaingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Pampu ya galoni 500 hata kwa namba zake za kwenye boksi haifiki lita 32. Kwa hiyo siku hiyo usisimame kuitazama pampu, ziba tundu, tambara, godoro, mguu, chochote, afu ndo mrudi kutoa maji. Pampu ya umeme kazi yake ni matone, mvua na manyunyu. Ukitaka zaidi funga mbili, kubwa ikae juu kidogo ya ndogo, kila moja na fyuzi yake, waya wake, hosi yake na tundu lake. Kuziunganisha kwenye tundu moja kwa kiungo cha T ni kuifanya moja imrudishie mwenzake maji.

YA MKONO

Hii inasahaulika kabisa mpaka siku betri imelowa. Naongelea ile ya mpini yenye diaframu, kile kiwambo cha mpira kinachovuta na kusukuma maji. Ifungwe mahali anapokaa mshika usukani, aweze kuipiga huku anaendesha na vifuniko vyote vimefungwa, na mpini ufungwe na kamba pale pale, usisubiri ukaguzi wa TASAC (wasimamizi wa vyombo vya majini) ndo muanze kuulizana mpini uko wapi. Hosi ya kuvutia iwe ngumu yenye waya ndani, maana hosi laini ikivutwa inajikunja na kujifunga yenyewe, na mwisho wake uwe na chujio unaloweza kulifikia kwa mkono.

Mpini unakwambia ugonjwa. Ukiwa mwepesi na hakuna kinachokuja kuna hewa inaingia: klipu ya hosi imelegea, diaframu imepasuka, au valvu haijakaa sawa kwa sababu njiti imejibana. Ziba mdomo wa kuvutia kwa kiganja, piga mpini, kiganja kikishikwa kwa nguvu pampu ni nzima na hewa inaingia kwenye hosi, kisiposhikwa fungua pampu. Ukiuvuta na wenyewe unarudi kwa nguvu, chujio au hosi ya kuvutia imeziba. Ukiwa mgumu kusukuma, imeziba upande wa kutoka. Pampu iliyokaa kavu muda mrefu inaweza isishike mwanzoni, mwagia maji kidogo kwenye hosi ya kuvutia valvu zilowe, ijaribu tena. Zile za bomba la plastiki za kuvuta juu chini nazo ni hivyo hivyo, ule mpira wa ndani ukikauka hauvuti.

Ya saizi ya kati inatoa kama nusu lita hadi lita moja kwa kila pigo, sio mbaya, ila mtu anachoka haraka kuliko anavyojidhania, pokezaneni.

Mpira unakufa kwa jua na petroli hata kama pampu haijatumika, kwa hiyo ufungue angalau kila mwaka kabla ya masika. Ukikosa valvu unaweza kukata kipande kwenye tyubu ya baiskeli kwa kufuatisha ya zamani, kitakusogeza. Diaframu usijaribu, ile ina umbo lake, mpira bapa unapasuka kwenye boliti, agiza ya modeli yako na ukiagiza chukua mbili.